Utambi wa Maji: Mrehani wa Bibi katika Ndoo za London



Katika ukurasa huu tumezoea kuandika habari za vitu vinavyodumu: masanduku ya njumu, milango ya nakshi, barua za wazee na hati za mashamba. Leo naomba ruhusa niandike habari za kitu kisichovuka hata mwaka mmoja, nacho ni mrehani. Hapa Uingereza mrehani hupandwa ndani ya nyumba mwezi wa Aprili, hutolewa nje Juni, huchanua katikati ya kiangazi, na baridi ya Oktoba humaliza habari yake. Walakini, katika yote aliyotuachia Bibi, Mwenyezi Mungu amrehemu, mrehani ndio mali pekee iliyo hai. Mbegu tulizopanda mwaka huu ni uzao wa mbegu za mwaka jana, na hizo ni uzao wa za mwaka juzi, hivyo hivyo hadi kufikia zile chache alizozifunga katika karatasi ya daftari alipofika London mwaka 1967.

Mali ya namna hii haiwekwi sandukuni ikangoja. Mbegu ya mrehani huhifadhi uhai wake kwa miaka michache tu, kisha hudhoofika na hatimaye hukataa kuota. Kila kizazi cha mmea hakina budi kuzaa mbegu za kizazi kifuatacho. Ukipita msimu mmoja bila kuvuna, unaishi kwa akiba. Ikipita misimu kadhaa, umekatika. Miaka mitatu iliyopita tulikuwa tumebakiwa na akiba ya kijiko kisichojaa, na miche yote tuliyopanda ilikuwa inakufa. Nitaeleza sababu yake, na nitaeleza jinsi ndoo chache zilizokwisha kazi ya dukani zilivyotunusuru.

Kwanza, kwa vijana wetu waliozaliwa ugenini, inafaa kusema mrehani ni nini katika nyumba ya Kiunguja. Si kiungo cha mchuzi, ingawa Waitaliano wana jamaa yake wanayemtia katika tambi. Kwetu sisi mrehani ni harufu. Vijiti vyake hufungwa pamoja na asumini, kilua, mkadi uliokatwa vipande na petali za waridi, likapatikana shada dogo liitwalo kikuba, ambalo mwanamke hulibandika kifuani au huliweka katika nywele. Harusi haikamiliki bila ya kikuba. Rehani hutiwa pia katika maji ya kuoshea maiti, na vitawi vyake huwekwa juu ya kaburi. Kwa hiyo mmea huu humpokea mtu katika furaha yake kubwa na humsindikiza katika safari yake ya mwisho.

Katika nyumba ya Malindi, Bibi aliipanda mirehani yake katika madebe. Debe la mafuta ya taa, likiisha mafuta, lilikuwa na kazi nyingi: kuchotea maji, kupimia nafaka, kuezekea banda. Lililotoboka chini lilitiwa udongo na likawekwa uani. Maji ya mjini wakati huo yalikuwa tayari yakija kwa mabomba. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeyavuta kutoka chemchemi ya Bububu, maili kadhaa kaskazini ya mji. Hata hivyo Bibi hakuimwagilia mirehani maji ya bomba moja kwa moja. Yalipita kwanza katika kazi nyingine: maji ya kuoshea mchele, maji ya kutilia udhu, mabaki ya mtungi. Kila debe lilipata kata moja asubuhi na kata moja alasiri. Mama, aliyekuwa binti mdogo, ndiye aliyepewa kata.

Mama sasa amevuka miaka themanini na anaishi nasi katika ghorofa ya tatu, upande wa magharibi wa London. Hatuna bustani. Tuna roshani yenye upana wa hatua mbili na urefu wa hatua tano, inayopata jua tangu adhuhuri hadi magharibi. Hapo ndipo mirehani ilipohamia baada ya Bibi kufariki, na hapo ndipo Mama alipoendelea na kata yake, ingawa sasa ni kopo la plastiki.

Kisha maradhi ya kusahau yakaanza kumjia taratibu. Nataka kulisema jambo hili kwa heshima inayostahili, kwa sababu familia nyingi zetu zinalo na hazilisemi. Mama hakusahau kumwagilia. Alisahau kwamba amekwisha kumwagilia. Alfajiri baada ya sala aliinywesha mirehani. Baada ya chai akainuka tena. Kabla ya adhuhuri tena. Na kila mara alikuwa na uangalifu ule ule wa mtu anayetekeleza wajibu wa siku. Ilifika siku ya kunywesha mara saba au nane. Majani yakageuka manjano, mashina yakawa meusi chini, na miche ikalala. Naye akiona imelala, kwa rehema ya moyo wake, akidhani ina kiu, huiongezea.

Watu wengi hudhani maji mengi ni fadhila kwa mmea. Ukweli ni kwamba mizizi hupumua. Katikati ya chembe za udongo mna vijia vyembamba vya hewa, na mzizi hutwaa oksijeni humo kama sisi tunavyoitwaa kwa mapafu. Maji yakivijaza vijia vyote na yasipopata pa kutokea, mzizi hukosa pumzi, huanza kufa, na kuvu wa udongoni huja kuumaliza. Mzizi uliokufa hauwezi kunyonya, kwa hiyo majani hulegea kama majani yenye kiu ilhali miguu ya mmea imezama majini.

Likaja shauri la familia. Wapo waliosema kopo lifichwe. Wapo waliosema tununue maua ya plastiki. Shangazi akasema tumwambie Mama kwa upole kila mara kwamba keshamwagilia. Hilo la mwisho tulilijaribu, na lilikuwa zito kuliko yote. Maana kumwambia mtu mzima mara nane kwa siku kwamba amesahau ni kumpa msiba mpya mara nane. Na kumnyang'anya kopo mwanamke aliyepewa kazi ile akiwa na miaka sita ni kumvua kitu ambacho maradhi yenyewe hayajakigusa.

Ami yetu wa Muscat ndiye aliyelitazama jambo kwa upande mwingine. Kwa simu alisema kwamba watu wa Nizwa, alikotoka babu wa babu yake, hawakutegemea kumbukumbu ya mtu katika kugawa maji; walitegemea mfereji. Basi nasi tusimrekebishe Mama, turekebishe debe.

Wasomaji wetu wanalijua neno falaj, lakini wachache wamepata kuelezwa namna linavyofanya kazi. Falaj ni mfereji unaoyatoa maji chini ya ardhi au chemchemini na kuyapeleka mjini na mashambani kwa mteremko peke yake, bila ya pampu wala mnyama. Oman ina takriban 3,000 ambayo ingali ikitumika, na mwaka 2006 UNESCO iliandikisha mitano katika Urithi wa Dunia, mmojawapo ukiwa Falaj Daris wa Nizwa. Maji yakifika, hupita kwanza mahali watu wanapochota ya kunywa, kisha msikitini na penye kufulia, kisha kwenye mitende, na mwisho kwenye mazao ya msimu. Zamu za mashamba hupimwa kwa wakati. Mchana kwa kivuli cha kijiti na usiku kwa nyota. Haki imejengwa katika njia ya maji yenyewe. Kinachomzidi wa juu humfikia wa chini, na hakuna shamba linalozama kwa sababu ya mapenzi ya mwenyewe.

Tukaanza kutafuta chombo kitakachofanya hivyo kwa mrehani mmoja. Kumbe watu wengi wamekwisha kukitengeneza, nacho ni chepesi: chombo kinachojinywesha, chenye hazina ya maji chini na udongo juu, na baina yao utambi.

Kila aliyewahi kusoma kwa koroboi anaufahamu utambi. Mafuta yako chini ya kopo, moto uko juu, na hakuna anayeyapandisha. Pamba ya utambi huyavuta yenyewe kwa wembamba wa nyuzi zake. Moto ukila mafuta ya juu, ya chini hupanda kushika nafasi. Koroboi haifuriki kwa sababu umeijaza, wala moto haulishwi zaidi ya unavyokula. Maji nayo hupanda hivyo hivyo katika vijia vya udongo. Jua linapokausha majani, majani huvuta maji ya mizizi, mizizi huvuta ya udongo, na udongo huvuta ya hazina kupitia utambi. Siku ya mawingu huvuta kidogo; siku ya jua kali huvuta sana. Mmea ndio unaopima.

Hivi ndivyo tulivyozitengeneza zetu. Kwa kila chombo tulitafuta ndoo mbili za lita 20 zinazolingana, zile zinazoletewa maduka na mikahawa zikiwa na achari, zeituni au samli. Wenye maduka aghalabu huzitupa na hufurahi kukupa. Chagua zilizotiwa chakula, wala usichukue za rangi au za dawa.

Ndoo ya kwanza ni ya nje. Ndani yake, chini, tuliweka bakuli gumu lililofudikizwa, lenye kimo cha sentimita 8 na lililotobolewa ubavuni ili maji yapite. Juu yake inakalia ndoo ya pili. Uwazi ule wa chini ndio hazina. Katika kitako cha ndoo ya pili tulikata tundu, kando kidogo ya lilipo bakuli, likaingia kikopo cha mtindi kilichotobolewa matundu mengi, hadi kikagusa sakafu ya ndoo ya nje. Kikopo hicho kikijazwa udongo na kushindiliwa vizuri ndicho utambi. Kandokando ya kitako tukatoboa vitundu vidogo kama kumi vya kupitishia hewa. Kisha tukapenyeza bomba jembamba la plastiki tangu mdomo wa ndoo hadi hazinani, ncha yake ya chini ikikatwa mshazari ili isizibwe na sakafu. Bomba hilo ndilo mdomo wa chombo. Maji hutiwa humo, hayamwagwi juu ya udongo.

Baki tundu moja, nalo ndilo roho ya kazi yote. Katika ubavu wa ndoo ya nje, sentimita 7 kutoka chini, tulitoboa tundu la kutolea maji. Hazina ikijaa hadi hapo, yanayozidi hutoka nje, na baina ya maji na kitako cha ndoo ya ndani hubaki ukanda wa hewa. Bila ya tundu hili umetengeneza kisima cha kuzamisha mizizi. Ukiwa nalo, tia kopo moja au tia makopo ishirini, mrehani hauoni tofauti.

Udongo wa shambani haufai, kwa kuwa hushikamana ukawa kama tope. Tunatumia mbolea ya mboji ya dukani, tukiichanganya na vumbi la makumbi ya nazi, sehemu mbili kwa moja. Vumbi hilo huuzwa hapa likiwa matofali makavu yaliyotoka India au Sri Lanka. Tofali moja likitiwa maji huvimba likajaza beseni. Mama alipoliona mara ya kwanza alilinusa na kusema, “Haya makumbi.” Hakukosea. Akaanza kutueleza habari za wanawake wa pwani ya kusini wanaoyafukia makumbi ufukweni, yakakaa miezi hadi yakalainika, kisha wakayaponda na kusokota kamba za usumba. Sisi tulikuwa tumekwenda kununua kitu kigeni katika duka la bustani, kumbe tumenunua takataka za nazi zetu.

Baada ya kujaza, mwagilia juu mara moja, udongo wote ulowane hadi maji yatoke chini. Utambi mkavu hauanzi kuvuta, kama vile utambi wa taa usiochovywa mafuta. Kuanzia hapo usimwagilie juu tena. Funika uso wa udongo kwa kipande cha plastiki nene kilichotobolewa mahali pa shina na pa bomba. Kifuniko hiki huzuia maji yasipotee kwa jua, na kwetu kilikuwa na faida ya pili: Mama akisahau bomba na kumwaga juu, maji huteleza kando.

Sasa narudi kwenye shauri la Ami. Tuliziweka ndoo tatu juu ya ngazi ya mbao, kila moja ikiizidi ya chini yake kwa shubiri moja. Tundu la kutolea la ndoo ya juu tulilivisha mpira mwembamba unaoingia hazina ya ndoo ya kati, na la kati likaingia ya chini. Ya chini humwagia katika beseni. Mama hutia maji katika bomba la ndoo ya juu peke yake. Ya kwanza ikishiba, ya pili hunywa. Ya pili ikishiba, ya tatu hunywa. Zote zikishiba, maji hurudi beseni. Kopo la Mama huchotea humo humo. Anaweza kuzunguka na maji yale yale tangu alfajiri hadi jioni, hakuna kinachozama, wala jirani wa ghorofa ya pili hadondokewi tena kichwani.

Hatukubuni jambo jipya. Miaka zaidi ya 2,000 iliyopita, mtaalamu wa kilimo wa China aitwaye Fan Shengzhi aliandika juu ya kufukia vyungu vya udongo vilivyojaa maji baina ya mashina ya matikiti. Chungu kisichotiwa rangi hupenyeza maji taratibu, na udongo mkavu uliokizunguka huyavuta kadiri ya haja yake. Ndiyo siri ile ile ya mtungi wa Bahla au wa Pemba unaotoa jasho na kuyapoza maji ya kunywa.

Na mji huu wa London una kisa chake. Mwaka 1829, tabibu Nathaniel Bagshaw Ward, aliyekaa Wellclose Square katika mitaa ya mashariki, alikuwa akihuzunika kwa kuwa makangaga yake yote yalikufa kwa moshi wa makaa ya mawe. Alikuwa ametia buu la nondo katika chupa yenye udongo wa unyevu na kuiziba, ili aone nondo atakavyotoka. Badala yake akaona kangaga na jani zimeota ndani. Unyevu ulipanda kwa joto la mchana, ukashika kioo, ukarudi udongoni. Mmea ukajinywesha bila ya mkono wa mtu. Mwaka 1833 alipeleka Sydney makasha mawili ya kioo yaliyojaa mimea, na baada ya miezi ya bahari ikafika hai. Tangu hapo makasha ya Ward yakawa njia ya kuhamisha mimea baina ya mabara. Mimea iliyo mbali na kwao katika mji huu, kwa hiyo, ina wazee wake.

Haifai nikizisifu ndoo zetu bila ya kutaja mipaka yake. Maji ya London ni magumu, kwa kuwa hupita katika mawe ya chaki. Magamba meupe ya ndani ya birika ni ushahidi. Maji yakipanda daima kutoka chini, chumvi hizo pamoja na za mbolea hubaki juu ya udongo kama ukoko. Tunapoweza tunatumia maji ya mvua, na mara moja baada ya wiki kadhaa tunafunua na kumwaga maji mengi juu ili yaoshe udongo. Hazina nayo isiachwe wazi: mbu hutaga humo, kwa hiyo bomba lina kifuniko na tundu lina kitambaa cha wavu. Ndoo ziwe za rangi nzito au zivishwe gunia, maana mwanga ukiingia huota ukungu wa kijani. Kumbukeni pia kwamba lita moja ya maji ni kilo moja, na udongo uliolowana ni mzito. Roshani haijengwi kubeba shamba.

Jambo kubwa zaidi ni majira. Utambi haujui kwamba jua limeondoka. Mmea unaokaa miaka mingi, kama asumini au mchaichai, ukiingizwa ndani wakati wa baridi hupunguza kunywa, na hazina iliyojaa huweza kuuozesha. Kuanzia Novemba tunaziacha hazina zikauke, tukatia maji kidogo kidogo kwa mkono. Kwa jamaa wa Muscat, tatizo ni kinyume chake: ndoo iliyo juani huchemsha mizizi, basi iwekwe kivulini na ivishwe kitambaa cheupe. Na kwa jamaa wa Unguja wanaoishi kwa mgao wa maji, chombo hiki kitawafaa kuliko sisi, kwa kuwa maji ya siku moja hutumika siku kadhaa.

Kiangazi cha mwaka 2022 ndicho kilichotuonyesha thamani ya kazi hii kwa mtihani usio wa kutunga. Tarehe 19 Julai joto lilipita nyuzi 40 katika uwanja wa ndege wa Heathrow, jambo ambalo halikuwahi kupimwa hapa kabla ya mwaka huo. Mwezi uliofuata ikapigwa marufuku kumwagilia bustani kwa mpira wa bomba. Majani ya viwanja vya London yakawa rangi ya majani ya kuezekea. Wakati huo tulikuwa na ndoo moja tu ya majaribio, na vyungu vingine vyote vilikuwa vya kawaida. Mrehani wa ndoo ile ndio uliosimama. Tukavuna mbegu zake, nusu kijiko cha chai, na kutokana na hizo ndipo tulipoweza kupanda ndoo tatu za ngazi mwaka uliofuata.

Shangazi bado ana neno. Husema mmea unaojinywesha haukulelewa, na kwamba rehani ya Bibi ilinukia kwa sababu ya mkono uliokuwa ukiigusa. Sitamkatalia mtu mzima. Lakini mkono haujaondoka. Mama huinuka kila asubuhi, huchota, hutia, huchuma majani yaliyokauka na kuyasugua maua kwa vidole. Kuna siku majina ya wajukuu humpotea, na kuna siku huniita kwa jina la dada yake. Mwezi wa Agosti, hata hivyo, tulipompa rehani, asumini na petali za waridi pamoja na uzi, alifunga kikuba bila ya kutazama, uzi ukipita mahali pake kila mara, akanipa nikavae. Vyombo vile vilimwachia kazi yake. Kumzuia kungemwachia kiti na dirisha.

Nimeandika haya pia kwa sababu ya waliotawanyika. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 wazee wetu waliondoka kila mmoja na njia yake: Muscat, Dubai, Mombasa, Cairo, London, na baadaye Toronto. Tumekuwa tukidhani kwamba urithi hudumu kwa watu kuukumbuka, na kila mzee anapoanza kusahau tunaingiwa na hofu kwamba kila kitu kinakwenda naye. Waliochimba falaj hawakuweka tumaini lao lote katika kukumbuka. Waliweka kadiri katika njia, ili aliyechoka, aliyesafiri na aliyesahau wote waweze kuendelea kutia maji, na shamba liendelee kunywa.

Mwaka huu Mungu ametujaalia vijiko vitatu vya mbegu. Kimoja ni cha ndoo za Mama. Kimoja kimefungwa katika karatasi na kuwekwa mahali pakavu pasipo mwanga, kimeandikwa mwaka wake. Cha tatu ni chenu. Jamaa mlio hapa Uingereza, karibuni nyumbani mchukue wenyewe; mlio nchi nyingine, tazameni kwanza sheria za nchi yenu juu ya kupokea mbegu, kisha tuwasiliane. Njooni siku ya Jumapili baada ya alasiri. Mtamkuta Mama roshanini. Akiwapa kopo, pokeeni, mtie katika bomba la ndoo ya juu, hata kama mmemwona akitia sasa hivi.

Wabillahi tawfiq.